UZI: Timu isihame mji wala kubadili jina bila kura ya wenyeji. Lete na wewe kanuni unayotaka ibadilishwe

#1 Mchele Supa

Wakuu, habari za jioni.

Tarehe 29 Novemba 2022 nilifunga mashine ya kukoboa mapema mchana, siku ya kazi, na wateja wawili wakaondoka na magunia yao wamenuna. Nikapanda bodaboda kutoka Rujewa hadi Ubaruku. Tulikuwa watatu kwenye pikipiki moja na tela la mpunga likitutimulia vumbi njia nzima. Ihefu, timu yetu ya Mbarali, walikuwa wanacheza na Yanga pale uwanja wa Highland Estates, na Yanga walikuja na mechi 49 za ligi bila kupoteza.

Yanga wakatangulia. Nikasema basi, nimefunga mashine bure. Never Tigere akasawazisha, kisha Lenny Kissu akaweka la pili, na kuanzia hapo sikumbuki mpira, nakumbuka watu. Pembeni yangu kulikuwa na mzee, Yanga wa kufa na kuzikana, skafu ya njano shingoni. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa mzee akawa anashangilia huku machozi yanamtoka. Kijana mmoja akamuuliza, "Babu, uko upande gani?" Akajibu, "Niache kwanza."

Mwaka 2024 timu ile ile ikawa Singida Black Stars.

Kwa msiofahamu, Ihefu si jina la mtu. Ni ardhi oevu ya bonde la Usangu, maji yanayokwenda kulisha Ruaha Mkuu. Ligi Kuu ilikuwa na timu yenye jina la ardhi hiyo ya watu, na leo jina hilo halimo.

Kabla hamjanirukia: simlaumu mtu. Singida nao ni Watanzania na wanapenda mpira. Timu ni gharama, kuna mishahara, mabasi, hoteli, usajili, na anayelipa ana haki ya kuamua. Ugomvi wangu ni na kanuni inayoruhusu. Tena si Ihefu peke yake. Timu nyingine, DTB, ilipopanda daraja 2022 ikawa Singida Big Stars, 2023 ikawa Singida Fountain Gate, 2024 ikawa Fountain Gate na makazi yakahamia Babati. Mtoto aliyezaliwa siku timu inapanda daraja alikuwa hajaanza chekechea, timu ishafika jina la nne.

Kanuni ninayoitaka ni hii. Mwenye timu awe na kila kitu: asajili, afukuze kocha, auze mchezaji, apange viingilio. Lakini mambo manne asiyaguse bila kura ya wanachama wa pale timu ilipo: jina, rangi, nembo na mji. Waingereza wameliita hisa ya dhahabu. Unakuwa na hisa moja tu, haina faida wala gawio, ila ina neno "hapana". Baada ya lile jaribio la Ligi Kuu ya vigogo wa Ulaya la Aprili 2021, timu 12 zilizotaka kujitenga na mpango ukavunjika ndani ya siku mbili hivi kwa kelele za mashabiki, serikali yao iliunda tathmini chini ya mbunge Tracey Crouch, na hisa hiyo ilikuwa miongoni mwa mapendekezo. Mwaka 2025 wakapitisha sheria kabisa ya kuwa na msimamizi huru wa soka.

Na akitaka timu Singida, Babati au popote, aanze nayo chini kama wengine. Nafasi ya Ligi Kuu ibaki kwa waliopanda nayo.

Karibuni. Mkija na matusi ya Simba na Yanga mtaniharibia uzi, lakini najua mtakuja nayo.

#2 Shombe wa Pugu Road

Nakaa siti ya mbele na karanga zangu.

#3 Mwananchi 1935

Mleta mada umeamua kutonesha kidonda ndiyo ulete hoja? Mechi 49, mkuu. Arobaini na tisa. Siku ile nilizima simu nikalala saa moja jioni, mke akadhani naumwa.

Ila hoja naunga mkono. Sasa yangu: CAF, wasimamizi wa soka la Afrika, wafute goli la ugenini, ile kanuni kwamba jumla ikilingana anapita aliyefunga mengi ugenini. Ulaya UEFA walilifuta 2021. Sisi Yanga 2023 fainali ya Shirikisho tumefungwa 2-1 na USM Alger uwanja wa Mkapa, Dar, tukaenda Algiers tukashinda 1-0 nyumbani kwao, kipa wetu Diarra kaokoa mpaka penalti. Jumla 2-2. Nchi yoyote yenye akili hapo mnaongeza dakika 30, mkishindwana mnapiga matuta. Sisi tukaambiwa kombe ni la wao kwa sababu walifunga mawili Dar. Bao la Dar lina uzito kuliko bao la Algiers? Kwa mizani ipi?

#4 Mnyama Mkali

@Mwananchi 1935 kanuni mlikuwa mnaijua kabla ya kupanda ndege. Nyie Yanga, utopolo, mkifungwa, kanuni mbaya.

#5 Mwananchi 1935

@Mnyama Mkali wewe kolo wa Simba fainali yako ya 2025 na Berkane hata goli la ugenini halikukuhusu. Ulichapwa 2-0 kule, ukaja kupata sare Zanzibar. Kaa kimya wakubwa wanaongea.

#6 Ochi wa Kisumu

Ndugu zetu wa Bongo, habari zenu. Nimepita tu.

Huyo anayetaka goli la ugenini lifutwe, polepole. Mwaka 1987 Gor Mahia walitoka 2-2 na Espérance kule Tunis, wakaja Nairobi wakatoka 1-1. Jumla ni tatu kwa tatu. Goli la ugenini ndilo lililotupa Kombe la Washindi la Afrika. Mpaka leo wazee wetu hawajamaliza kulisimulia. Mkitaka mfute, futeni, lakini msianze kuhesabu kurudi nyuma.

#7 Mwananchi 1935

Hahaha. @Ochi wa Kisumu hapo umenifunga, tena ugenini.

#8 Mhasibu wa Mtaa wa Kongo

Mleta mada unaandika vizuri lakini unakwepa hesabu. Niulize maswali ya kihuni kidogo.

Siku ya Yanga uwanja ulijaa. Siku ya timu nyingine isiyo na jina mlikuwa wangapi? Wewe mwenyewe ulifunga mashine mara ngapi? Kadi ya uanachama unayo? Ada ulilipa? Maana huku kwetu shabiki anataka timu iwe yake siku ya ushindi, na siku ya mshahara iwe ya tajiri. Ukimpa mtu wa namna hiyo kura ya kumzuia mwenye pesa, mwenye pesa anaondoka, na kilichobaki ni jina zuri lipo daraja la tatu. Utakuwa umelinda jeneza.

Pendekezo langu linaanzia pengine. Mwaka 2021 Azam Media walisaini haki za matangazo miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6. Kwa wastani ni kama bilioni 22 na nusu kwa mwaka. Ligi ina timu 16. Nataka sehemu kubwa ya pesa hiyo igawiwe sawa kwa sawa, bingwa apate ziada ya ubingwa tu. Timu ya Ubaruku ikijua pesa ya uhakika ni kiasi gani, haina haja ya kuhamia kwenye mji wenye tajiri, na haina haja ya kuuza mechi yake ya nyumbani kwenda kuichezea uwanja wa mbali ili ipate kiingilio cha mashabiki wa mgeni. Hilo la kuuza mechi ya nyumbani nalo lipigwe marufuku. Unamkaribisha mtu kwako halafu unakwenda kumkaribishia sebuleni kwake.

#9 Mchele Supa

@Mhasibu umenipiga pazuri, sikatai. Kadi sikuwa nayo. Hakuna aliyeniuzia na mimi sikutafuta. Nilifunga mashine mara tatu, na mbili kati ya hizo ni Simba na Yanga.

Lakini angalia Green Bay kule Marekani. Mji wa watu kama laki moja, una timu ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, na timu imekuwa ya wananchi tangu 1923. Wenye hisa wamepita laki tano. Hisa haina gawio, hairuhusiwi kuuzwa kwa faida, na hakuna mtu mmoja anayeruhusiwa kushika hisa nyingi kiasi cha kuwatawala wenzake. Mwaka 2021 walitoa nyingine, dola 300 moja, watu wakagombania karatasi ya kutundika ukutani. Ligi ile timu zinahama miji kama wafugaji kiangazi. Green Bay haihami kwa sababu hakuna mtu wa kumpelekea ofa.

#10 Mhasibu wa Mtaa wa Kongo

Dola 300, mkuu. Wewe ulitoka na elfu ngapi siku ya Yanga?

#11 Mchele Supa

Kiingilio, bodaboda na mahindi mawili ya kuchoma.

#12 Kombo wa Hamburg

Salaam kutoka kwenye baridi. Niko Ujerumani mwaka wa kumi na moja na hili la umiliki ndilo linalonifanya nivumilie mpira wao.

Huku tangu 1998 kuna kanuni inaitwa hamsini na moja juu yake (50+1), yaani wanachama wa klabu lazima wabaki na nusu ya kura na kura moja zaidi. Mwekezaji alete mabilioni, sawa, lakini mkutano mkuu unaweza kumwambia kaa. Ina matundu. Leverkusen ni ya kampuni ya dawa na Wolfsburg ni ya Volkswagen, wameachiwa kwa sababu za kihistoria. Leipzig wana wanachama wachache wenye kura mpaka unaweza kuwaalika wote kwenye futari.

Lakini niwaambie nilichokiona. Desemba 2023 ligi ilipiga kura ya kumpa mwekezaji sehemu ya mapato ya matangazo ya miaka ijayo. Mashabiki wakasema hawakuulizwa. Wakaanza kutupa sarafu za chokoleti uwanjani, kisha mipira ya tenisi. Februari 2024 nilikuwa uwanjani kwa miguu yangu, jukwaa la kusimama. Kijana mbele yangu alikuja na mfuko wa supamaketi umejaa mipira ya tenisi, akanigawia minne kama mtu anayegawa kashata. Tukatupa. Mechi ikasimama. Wachezaji wanaokota mipira kama watoto waliotumwa, kipa anaisukuma kwa glavu, na jukwaa zima linaimba taratibu bila haraka, watu wana siku nzima. Kwingine waliingiza vigari vya rimoti vinavyotoa moshi, wasimamizi wakawa wanavikimbiza. Kabla Februari haijaisha ligi ikaachana na mpango.

Hakuna aliyepigwa. Hakuna kiti kilichong'olewa. Sasa niambieni, mashabiki wa timu 16 za kwetu wanaweza kukubaliana kutupa kitu kimoja kwa siku moja?

#13 Mnyama Mkali

Chupa za maji tunatupa tayari, tatizo hatukubaliani tunamtupia nani.

#14 Binti Mwanasheria

Nadhani watu mnasahau kwamba kwetu kanuni kama ya Ujerumani ipo kwenye karatasi. Mfumo uliokubaliwa Simba walipoingia kwenye mabadiliko ni wanachama asilimia 51, mwekezaji 49, na zile 49 zilithaminiwa shilingi bilioni 20. Serikali ndiyo iliyoshikilia wanachama wasipungue nusu. Kwa hiyo shida haiko kwenye asilimia. Shida ni mwanachama anaitumiaje hiyo 51.

Mimi ni mwanachama wa moja ya hizi timu mbili, sitaji. Nilikwenda mkutano mkuu mara moja. Foleni ya kuhakiki kadi kuanzia saa mbili asubuhi, jua kali, kofia hakuna. Nilipoingia ajenda ya taarifa ya fedha ilikuwa imeshasomwa, ikapitishwa kwa sauti, "wanaokubali waseme ndiyooo". Mwanamama mmoja nyuma yangu aliinua mkono kuuliza deni la timu ni kiasi gani. Kipaza sauti kikazunguka ukumbi mzima, kikamruka, kikaenda kwa mtu aliyesimama kumsifu mwenyekiti kwa dakika nne. Nilihesabu.

Kanuni yangu ni ya kuchosha lakini naitaka: hesabu zilizokaguliwa zitumwe kwa kila mwanachama siku 21 kabla ya mkutano, na kura ziwe za siri kwa simu. Tunalipa ada ya shule kwa simu, tunakopa kwa simu, kura ya mpira ndiyo lazima tupige kelele?

#15 Ochi wa Kisumu

@Binti Mwanasheria umesema. Sisi huku Kenya Gor na Ingwe (AFC Leopards) ni za wanachama tangu zizaliwe, hakuna tajiri wa asilimia yoyote. Uhuru mtupu. Wadhamini wa kamari walipojitoa 2019, uhuru wetu ukaanza kupitisha kofia. Na ukiangalia wanaotusumbua kwenye ligi, huyu ni wa polisi, huyu wa benki, huyu wa bandari, huyu wa kiwanda cha bia. Nikisoma huu uzi najiuliza kama nyinyi mnalilia tulicho nacho na sisi tunalilia mlicho nacho.

#16 Fundi Saa

Mnaongea umiliki tu, kanuni za uwanjani hamtaki? Saa isimame mpira ukitoka. Kama kikapu. Kila kipindi dakika 30 za mpira unaochezwa kweli. Timu ndogo ikipata bao moja dakika ya 20 kipa anaanza kuumwa. Analala. Daktari anakuja na begi, anampulizia dawa, anamfunga kamba ya kiatu, anamlisha maji. Kipa anaamka, anachechemea, anapiga mpira mita 70.

Waliotunga sheria angalau msimu wa 2025/26 wameleta ile ya kipa kukaa na mpira mkononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Zamani ilikuwa faulo ya ndani ya boksi kwa sekunde 6 na refa gani angethubutu kuipuliza? Kona inapulizika. Adhabu ikiwa ndogo inatekelezwa. Hilo somo liende na kwa wanaolala.

#17 Mwananchi 1935

@Fundi Saa ongeza na teknolojia ya mstari wa goli. Pretoria, Aprili 2024, tunacheza na Mamelodi Sundowns, mpira wa Aziz Ki wetu umegonga mwamba ukadondoka ndani, VAR ya marudio ya video ipo, na bao halikutolewa. Tukatolewa kwa matuta. Sitaki kuongea zaidi, presha.

#18 Mnyama Mkali

@Mwananchi 1935 wewe kila kanuni unayoitaka ni ya mechi uliyotolewa.

#19 Mwananchi 1935

Ndiyo. Mtu anajua kiatu kinabana wapi akishakivaa. Na wewe leta ya kwako ya dabi yetu ya tarehe 8 Machi 2025.

#20 Mnyama Mkali

Naleta. Kanuni inasema mgeni ana haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi siku moja kabla. Tarehe 7 usiku tumefika kwa Mkapa, tumezuiwa. Tukasema hatuchezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha siku yenyewe ya mechi, watu wameshatoka mikoani, ikaja kuchezwa Juni 25.

#21 Mwananchi 1935

Ikachezwa mkafungwa 2-0 tukabeba ubingwa. Malizia hadithi.

#22 Mnyama Mkali

Hilo sijakataa. Nazungumzia kanuni. Ukizuia mgeni mazoezi, adhabu iwe imeandikwa kabla: faini ya kiasi hiki, pointi kadhaa, na mechi inachezwa vilevile. Na timu ikigoma kuingia uwanjani, adhabu iandikwe vilevile. Zote mbili. Nimeumia na mimi nikijua tuligoma. Jirani yangu alitoka Kahama kwa basi, usiku kucha, na tiketi mfukoni. Amefika Ubungo anaambiwa hakuna mechi. Akanywa chai ya rangi na chapati mbili akapanda basi la kurudi. Yeye ni Yanga, na mimi ndiye niliyemlipia chai.

#23 Shombe wa Pugu Road

Uzi umefika mahali kolo na utopolo wanakubaliana. Karanga zimeniishia, naomba mtu aniletee nyingine.

#24 Binti Mwanasheria

Moja bado haijaguswa: mtu mmoja kuwa na mkono kwenye timu mbili za ligi moja, iwe umiliki au udhamini. Wenzetu wamekuwa wakali. León ya Mexico ilifuzu Kombe la Dunia la Klabu 2025 ikaondolewa kwa sababu mwenye nayo ana Pachuca pia, nafasi ikaenda LAFC. Crystal Palace wamebeba Kombe la FA, wakashushwa kutoka Europa kwenda Conference, kombe la Ulaya la chini yake, kwa sababu mwanahisa wao alikuwa na Lyon iliyofuzu Europa hiyo hiyo na hawakuwa wamenyoosha mambo kabla ya tarehe ya mwisho. Palace walilia, na mimi niliwahurumia, lakini tarehe ilijulikana.

Kwetu unakuta tangazo lile lile kifuani kwa timu tatu zinazocheza zenyewe kwa zenyewe. Huenda wote ni wasafi kama pamba. Ila mchezaji akikosa penalti siku hiyo, nani atamwamini?

#25 Mhasibu wa Mtaa wa Kongo

@Binti Mwanasheria ukiondoa hao wadhamini, timu tano hazina jezi. Lakini nakubali umiliki. Udhamini uwekewe kikomo, siyo marufuku.

Narudi kwa @Mchele Supa. Nimeona hoja yako haina mguu mmoja: nani anapiga hiyo kura? Ukisema mkazi wa wilaya, mwenye timu atakodi mabasi. Ukisema mwenye kadi, atanunua kadi elfu moja usiku mmoja.

#26 Mchele Supa

Hilo nimelifikiria nikiwa kwenye mashine, maana kukoboa hakuhitaji akili sana. Awe mwenye kadi ya zaidi ya miaka miwili, ada imelipwa miaka yote miwili kwa namba yake ya simu, na kadi haihamishiki. Wasipofika 500, hawana kura ya kuzuia. Hapo unatujibu na wewe swali lako: kama Mbarali hatufiki watu 500 wa kulipa ada ndogo kwa miaka miwili, basi timu iende, na mimi nitakuwa wa kwanza kubeba mabegi.

Na tukifika, tusiposikilizwa, tunaanza yetu. Wimbledon walinyang'anywa timu 2002 ikapelekwa Milton Keynes. Mashabiki wakaitisha majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi, wakaanza daraja la tisa. Walichukua miaka tisa kurudi kwenye ligi za kulipwa. Mwaka 2020 wakarudi mtaani kwao, Plough Lane, na uwanja wao.

#27 Kombo wa Hamburg

St. Pauli huku waliuza hisa za ushirika yuro 850 moja ili ushirika wa mashabiki ununue sehemu kubwa ya uwanja wao. Zikapatikana karibu milioni 29. @Mchele Supa, ukianzisha hiyo timu ya Ubaruku nihesabu, ila siyo kwa 850.

#28 Mchele Supa

Wewe wa yuro utalipa gunia mbili za supa kwa mwaka. Wa hapa debe moja.

#29 Mhasibu wa Mtaa wa Kongo

Debe la mpunga au la mchele?

#30 Mchele Supa

Mpunga. Kukoboa nitawakoboleeni mwenyewe.

#31 Shombe wa Pugu Road

Mkuu, samahani natoka nje ya mada. Ile jezi ya Ihefu ya siku ya Yanga bado unayo? Kuna jamaa anakusanya jezi za timu zilizobadili jina, anatoa hela nzuri.

#32 Mchele Supa

Ipo. Imetoboka kwapani na ina madoa ya grisi ya mashine. Haiuzwi.